Mzee alisema "hawana maji", mashine ikaandika "wana maji": je, niitumie kunukuu mahojiano yangu?

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Ninasoma shahada ya uzamili hapa Dodoma, na utafiti wangu unahusu namna wakulima wa mtama na uwele wanavyoamua wakati wa kupanda. Nimefanya mahojiano 46 katika vijiji vya Bahi na Chamwino, jumla yake saa 52, yote nimerekodi kwa simu. Wazee wengi walianza kwa Kiswahili, wakaingia Kigogo katikati, kisha wakarudi. Mwenzangu aliweka faili yangu moja kwenye tovuti inayogeuza sauti kuwa maandishi, na baada ya dakika chache zikatoka kurasa safi ajabu. Msimamizi wangu anasema maandishi ya mashine hayakubaliki katika tasnifu. Mimi nilipolinganisha ukurasa mmoja tu na sauti yenyewe, nilikuta mzee aliyesema kwamba watu wa kitongoji chake hawana maji ameandikwa kuwa wana maji. Je, niachane na mashine nianze kunukuu kwa mkono saa zote hizo, au kuna namna ya kuitumia kwa haki? Na Kigogo nikifanyeje?"

Marahaba. Wasiwasi wako nimeuelewa hivi: unaogopa kupoteza miezi kwa kazi ambayo mashine ingeweza kuimaliza kwa siku chache, na wakati huohuo unaogopa kuwawekea wazee mdomoni maneno ambayo hawakuyasema. Hofu zote mbili zina msingi. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba usiiache mashine, ila usipokee kazi yake kabla hujaipima kwa rekodi zako mwenyewe, kundi kwa kundi. Na sehemu za Kigogo usiipe kabisa, bali uzinukuu pamoja na mtu anayekizungumza. Ukurasa ule uliogundua kosa la maji una thamani kubwa kuliko kurasa zote safi alizokuonyesha mwenzako, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Watu wengi hudhani kwamba programu ya kutambua usemi husikiliza kama tunavyosikiliza sisi, kisha huandika ilichosikia. Sivyo inavyofanya kazi. Sauti inaporekodiwa hupimwa mara nyingi sana kwa sekunde, na programu nyingi za aina hii hutumia vipimo 16,000 kwa kila sekunde moja. Mfululizo huo wa namba hukatwa vipande vifupi, kwa kawaida vya milisekunde 25, kila kimoja kikianza milisekunde 10 baada ya kilichotangulia, na ndani ya kila kipande programu hupima nguvu ya sauti katika masafa ya chini hadi ya juu, kwa mizani inayokaribia jinsi sikio la mwanadamu linavyotofautisha sauti nzito na sauti nyembamba. Kinachopatikana ni picha ya nguvu za sauti kadiri muda unavyokwenda. Kutokana na picha hiyo, mtandao wa neva bandia hukadiria uwezekano: hapa pengine pana "m", pengine pana "n", pengine hapana kitu. Kisha inakuja nusu ya pili ya kazi, ambayo ni kuchagua mfuatano wa maneno ambao, kwa kuzingatia maandishi na rekodi ambazo programu ilifundishwa kwazo, unaelekea zaidi kuwa ndio uliosemwa.

Nusu hiyo ya pili ndiyo inayozaa kurasa safi. Mifumo iliyotawala fani hii tangu miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa muongo uliopita ilitenganisha sehemu ya sauti, kamusi ya matamshi na sehemu ya lugha, na ilipokosea ilitoa maneno yaliyovurugika kiasi kwamba msomaji alitambua mara moja kuwa kuna tatizo. Mifumo ya sasa imeziunganisha kazi hizo ndani ya mtandao mmoja mkubwa, na inapokosa ushahidi wa kutosha kwenye sauti hujaza pengo kwa sentensi yenye sarufi nzuri. Kwa hiyo ufasaha wa maandishi yaliyotoka hauthibitishi usahihi wake. Ningependa ulishike jambo hili kuliko mengine yote nitakayosema, kwa maana mtafiti aliyechoka huyaamini maandishi safi haraka kuliko maandishi yenye madoa.

Sasa tuliangalie kosa lako. Katika "hawana maji", silabi "ha" ndiyo inayobeba ukanushi wote. Sauti "h" ni pumzi tu, ina nguvu ndogo, na hapa imekaa mwanzoni kabisa mwa usemi, mahali ambapo simu nyingi huwa bado zinaamua kama mtu ameanza kusema au ni kelele za nje zinazopaswa kupunguzwa. Upepo wa kiangazi wa kwetu Dodoma, unapopiga kwenye maikrofoni, hutoa mvumo unaoweza kuifunika kabisa pumzi kama hiyo. Zaidi ya hapo, mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na katika "hawana" na "wana" silabi hiyo ni ileile "wa". Sehemu yenye nguvu ya neno inabaki kama ilivyo, na kinachodondoka ni kichwa chake dhaifu. Programu inapofika kwenye hatua ya kuchagua maneno, "wana maji" ni Kiswahili sanifu sawasawa na "hawana maji", kwa hiyo hakuna chochote katika lugha kinachoionya kwamba imepotea.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mada yako. Kiswahili mara nyingi hutoa ushahidi wa pili wa ukanushi: "wanapanda" hugeuka "hawapandi" na irabu ya mwisho hubadilika, "walipanda" hugeuka "hawakupanda", "wamepanda" hugeuka "hawajapanda". Hata kiambishi cha mwanzo kikipotea, sehemu nyingine ya neno humshtua msomaji makini. Lakini katika wakati ujao hakuna ushahidi huo wa pili, kwani tofauti ya "tutapanda" na "hatutapanda" ni silabi moja isiyo na mkazo, na ndivyo ilivyo pia kwa "tuna" na "hatuna". Katika masharti, tofauti ya "wangepanda" na "wasingepanda" ni silabi "si" iliyojificha ndani ya neno. Utafiti unaouliza wakulima watafanya nini mvua ikichelewa umejaa wakati ujao na masharti. Maana yake ni kwamba mashine inaelekea kukosea pale hasa ambapo hoja yako inasimama, na hutaona dalili yoyote kwenye maandishi.

Kuna sababu nyingine inayohusu programu hizi zimefundishwa kwa sauti za nani. Chukua Whisper, ambayo kampuni ya OpenAI iliitoa mwaka 2022 na ambayo huduma nyingi za mtandaoni zimejengwa juu yake. Ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, lakini sehemu kubwa ilikuwa Kiingereza, na saa takriban 117,000 za unukuzi ziligawanywa, tena bila usawa, baina ya lugha nyingine 96, Kiswahili kikiwa mojawapo. Hazina za wazi za sauti ya Kiswahili, kama ile ya mradi wa Common Voice wa Mozilla na ile ya FLEURS yenye lugha 102, zimekusanywa kwa kuwaomba watu wasome sentensi zilizoandikwa. Ninazithamini sana kazi hizo na nisingependa mtu azidharau, kwa sababu bila hizo tusingekuwa na mahali pa kuanzia. Hata hivyo, mtu anayesoma sentensi chumbani hasemi kama mzee wa Chipanga anayekumbuka mwaka wa njaa huku kuku wakilia na mjukuu akiuliza jambo. Mzee hukata sentensi, hurudia, hunyamaza, hutamka "zarau" mahali pa "dharau" na "samani" mahali pa "thamani" kama wafanyavyo wasemaji wengi wa bara, na huhamia lugha yake ya kwanza pale Kiswahili kinapombana.

Kwamba makosa ya mashine hayawaangukii watu wote kwa usawa limekwisha kuthibitishwa kwa vipimo. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuipima mifumo mitano, ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft, kwa Kiingereza cha Wamarekani weusi na cha Wamarekani weupe. Kiwango cha wastani cha makosa ya maneno kilikuwa 0.35 kwa weusi na 0.19 kwa weupe, yaani karibu maradufu. Kwetu tofauti inaweza kupita baina ya kijana wa mjini na bibi wa kijijini, au baina ya aliyesoma na asiyesoma. Ukiyatumia maandishi ya mashine bila kuyasahihisha, vijana wataonekana wana hoja zilizonyooka na wazee wataonekana wanasema machache yasiyoeleweka, nawe utaandika katika sura ya matokeo kwamba wazee hawana maoni ya wazi kuhusu majira ya kupanda. Huo utakuwa uamuzi wa kompyuta, ukiwa umevaa jina la utafiti wako, na wazee uliowafuata huko vijijini ndio watakaodhulumiwa.

Lipo kosa la aina nyingine ambalo ni baya zaidi, nalo ni mashine kubuni maneno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kuhusu Whisper ulikuta kwamba katika takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti vilivyopimwa programu iliandika kirai au sentensi nzima ambayo haikusemwa na mtu yeyote, na kwamba asilimia 38 ya maneno hayo ya kubuni yalikuwa na madhara ya wazi, kama vile kutaja vurugu ambazo hazikuwapo. Tatizo lilijitokeza zaidi kwa watu wenye maradhi ya ubongo yanayozuia usemi, ambao hunyamaza kwa muda mrefu wanapotafuta maneno. Wazee wetu nao hunyamaza, hata wakiwa na afya njema, kwa sababu kunyamaza ni sehemu ya adabu ya kujibu. Kila penye kimya kirefu katika rekodi zako, na kila penye Kigogo, sikiliza mwenyewe kabla ya kuamini kilichoandikwa.

Baada ya kusema hayo yote, bado sikushauri uitupe mashine. Kunukuu kwa mkono saa moja ya mahojiano kwa kawaida huchukua saa nne hadi nane, kutegemea ubora wa rekodi na wepesi wa mnukuzi, kwa hiyo saa zako 52 zinaweza kukudai kati ya saa 208 na saa 416 za kukaa mbele ya kompyuta. Tena mtu aliyechoka naye hukosea, huruka maneno na hunyoosha sarufi ya mzee bila kujua. Swali la haki ni je, kwa rekodi hizi, mashine inakupunguzia kazi kiasi gani na inakosea wapi. Hilo hupimwa.

Chagua vipande 12 vya dakika tano tano kutoka mahojiano tofauti, ukihakikisha wamo wazee na vijana, wanawake na wanaume, Bahi na Chamwino, waliorekodiwa ndani na waliorekodiwa chini ya mti. Vinukuu kwa mkono kwanza, kabla hujaona mashine imeandika nini, kwa kuwa ukiyaona maandishi yake sikio lako litaanza kuyafuata. Kisha ipe mashine vipande vilevile na ulinganishe. Kipimo kinachotumika zaidi ni kiwango cha makosa ya maneno: hujumlisha maneno yaliyobadilishwa, yaliyorukwa na yaliyoongezwa, kisha hugawanywa kwa idadi ya maneno yaliyosemwa kweli. Usishangae kikizidi asilimia 100, kwani maneno ya kuongezwa hayana kikomo. Kwa Kiswahili kipimo hiki ni kikali kupita kiasi upande mmoja, maana "hatutawapelekea" ni neno moja lenye mambo mengi ndani yake na herufi moja ikikosewa neno zima huhesabiwa kosa. Kwa hiyo hesabu pia kiwango cha makosa ya herufi. Lakini vipimo vyote viwili ni vipofu wa maana. "Mtama" ulioandikwa "mtamaa" na "hatuna" iliyoandikwa "tuna" vyote ni kosa la neno moja, ilhali cha kwanza hakiharibu kitu na cha pili kinageuza ushahidi. Tengeneza orodha yako ya tatu ya makosa yanayogeuza maana, yaani ukanushi, namba, nyakati, majina ya mahali kama Mvumi au Ilindi, na majina ya mbegu, kisha uyahesabu kwa kila kundi la wahojiwa.

Kipimo changu cha kuamua ni hiki: neno moja katika kila kumi likihitaji kusahihishwa, unaokoa muda mwingi, maneno yakikaribia moja katika kila matatu, kuandika upya ni haraka zaidi kuliko kurekebisha, na huchoshi akili kwa kubishana na sentensi za mashine. Unaweza kukuta kundi moja liko upande huu na jingine liko upande ule. Hapo usione aibu kutumia njia mbili tofauti katika utafiti mmoja, mradi unaeleza.

Kuna njia ya kati ambayo mimi binafsi naipenda kuliko zote kwa utafiti wa aina yako, nayo ni kuitumia mashine kama faharasa. Iache iandike rasimu ya rekodi zote ikiwa na alama za muda, usiisahihishe, bali uitumie kutafuta mahali mvua, mbegu au mkopo vilipozungumzwa. Kisha nenda kwenye sauti yenyewe na unukuu kwa mkono sehemu hizo tu. Rasimu yenye makosa mengi bado inafaa kwa kutafutia, ingawa inaweza kukuficha sehemu ambazo neno muhimu lilikosewa, kwa hiyo sikiliza angalau mara moja kila mahojiano kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kazi hiyo hurahisishwa na programu ya ELAN, inayotolewa bure na Taasisi ya Max Planck iliyoko Nijmegen, Uholanzi, ambayo huunganisha kila mstari wa maandishi na sekunde zake. Ukishindwa kuamua kama "ha" ilisemwa au haikusemwa, fungua kipande hicho kwenye Praat, programu ya bure ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, utazame picha ya sauti: mara nyingi pumzi ya "h" huonekana kama ukungu hafifu kabla ya irabu, hata pale sikio lilipoikosa.

Mambo machache ya mipangilio, kwa haraka. Mwambie Whisper waziwazi kwamba lugha ni Kiswahili, kwa sababu ukiiacha itambue yenyewe hutegemea sekunde 30 za mwanzo, na mzee aliyeanza kwa salamu za Kigogo ataipeleka kwingine. Zima chaguo la kutafsiri, la sivyo utapewa Kiingereza. Usisafishe kelele kwenye faili ya asili, tengeneza nakala.

Kuhusu msimamizi wako, nadhani yuko sahihi kwa jambo analoliogopa, ingawa katazo lake ni pana kuliko hofu yenyewe. Maandishi ya mashine yasiyokaguliwa si data. Data yako ni sauti, na unukuzi wa namna yoyote ile ni tafsiri ya sauti hiyo ambayo lazima iweze kukaguliwa. Mpelekee matokeo ya vipimo vyako badala ya maombi. Katika sura ya mbinu eleza jina la programu na toleo lake, tarehe uliyoitumia, mipangilio yake, nani alisahihisha, kiwango cha makosa kwa kila kundi kabla ya kusahihisha, na uahidi kwamba kila nukuu inayotokea katika tasnifu imesikilizwa upya kutoka kwenye rekodi. Ukifanya hivyo hutakuwa umedanganya mtu. Udanganyifu ungekuwa kuitumia kimyakimya na kuandika kwamba ulinukuu mwenyewe.

Sasa Kigogo. Kwa kuwa ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili, na maneno mengi yanafanana kwa umbo, mashine iliyofundishwa Kiswahili haitakwama inapokutana nacho. Itaandika Kiswahili kinachofanana na sauti ilizosikia, na mara nyingi kitakuwa Kiswahili kinachosomeka. Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Zipo juhudi za kuzifikia lugha ndogo: mwaka 2023 kampuni ya Meta ilitoa mradi wa MMS unaogusa utambuzi wa usemi katika lugha zaidi ya 1,100, ukitegemea kwa kiasi kikubwa rekodi za Agano Jipya lililosomwa katika lugha hizo. Ni hatua kubwa na ninaifurahia. Lakini sauti ya msomaji wa Maandiko, anayesoma polepole matini iliyohaririwa, iko mbali sana na maongezi ya shambani, na msamiati wa uwele, ndege waharibifu na mvua za kwanza haupatikani humo kwa wingi.

Tena usifikiri kwamba kinachofaa Kigogo kitafaa kwa majirani. Ukipanua utafiti hadi Kondoa na Chemba utakutana na hali isiyo na mfano Afrika: Kirangi, ambacho ni cha Kibantu, chenye irabu saba na toni zinazobeba maana, Kiburunge na Kialagwa, vya jamii ya Kikushi, wasemaji wa Kibarabaig, cha jamii ya Kiniloti, na Kisandawe chenye vidoko, yaani sauti za kudokoa kwa ulimi. Makundi hayo manne yamekaribiana kiasi kwamba mtu aweza kuyapitia kwa safari fupi, na programu iliyozoea irabu tano za Kiswahili bila toni haina namna ya kuandika tofauti ambazo haijawahi kufundishwa kuzitafuta.

Kwa hiyo tia alama kwa mkono kila mahali mzee alipohamia Kigogo na aliporudi, kisha ukae na mzungumzaji wa Kigogo wa eneo lilelile, aliyezoea kukiandika, mnukuu pamoja kwanza kwa Kigogo chenyewe na baadaye kwa tafsiri ya Kiswahili. Mlipe na umtambue katika tasnifu kwa kazi yake, akiridhia kutajwa. Usimwombe atafsiri moja kwa moja bila kunukuu, kwani atakayekuja baada yako hataweza kukagua chochote. Saa chache za Kigogo zilizonukuliwa kwa uangalifu hivyo zinaweza siku moja kuifundisha mashine. Mwaka 2020 watafiti wa wav2vec 2.0, mfumo mwingine wa kutambua usemi, walionyesha, kwa Kiingereza, kwamba mfumo uliokwisha kusikiliza maelfu ya saa za sauti zisizonukuliwa unaweza kujifunza kutambua maneno kwa dakika 10 tu za sauti iliyonukuliwa. Matokeo hayo hayahamishiki moja kwa moja hadi Kigogo cha shambani, lakini yanatosha kuonyesha kwamba unukuzi mdogo ulio sahihi una thamani kuliko mwingi uliobahatishwa.

Nimeliacha kwa makusudi jambo lililonitia hofu zaidi katika barua yako. Mwenzako aliweka sauti ya mhojiwa wako kwenye tovuti. Sauti ya mtu humtambulisha, hata jina lake lisipotajwa, na mara nyingi ndani ya mahojiano majina ya watu na vitongoji hutajwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inasimamia ukusanyaji na uchakataji wa taarifa za namna hii pamoja na kuzisafirisha nje ya nchi, na seva za huduma hizo kwa kawaida ziko nje. Soma tena fomu ya ridhaa waliyoisaini wahojiwa wako. Kama haikusema kwamba sauti itapelekwa kwa kampuni nyingine, usipeleke faili nyingine, futa ile iliyokwisha kuwekwa kama tovuti inaruhusu, na mweleze msimamizi wako jambo hilo mapema. Hutahitaji tovuti hata kidogo, kwani Whisper hupakuliwa bure na hufanya kazi kwenye kompyuta mpakato bila intaneti. Inakuja kwa ukubwa mbalimbali: toleo dogo la vigezo (namba ambazo mtandao hujifunza) milioni 244 huenda vizuri kwenye mashine ya kawaida, na lile kubwa la vigezo milioni 1,550 hutambua Kiswahili vizuri zaidi lakini litakwenda taratibu mno kama kompyuta haina kadi ya michoro yenye nguvu. Iache ifanye kazi usiku. Na kama utataka unukuzi wako utumike baadaye kufundisha mashine, hiyo ni ridhaa nyingine inayopaswa kuombwa peke yake, kwa lugha ambayo mzee anaielewa.

Kwa mahojiano yaliyobaki, ikiwa yapo, tumia maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo yenye sponji ya kuzuia upepo, rekodi kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti, ya vipimo 16,000 kwa sekunde na biti 16, ambayo kwa njia moja ya sauti huchukua takriban megabaiti 115 kwa saa, na usizitume faili kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa kuwa hubanwa na kupoteza zile sauti hafifu tunazozitafuta. Mzee akikanusha jambo zito, mrudishie kwa upole: "Kwa hiyo mzee, mwaka huo hamkupanda?" Jibu lake litakupa ushahidi wa pili ambao kiambishi kimoja hakikupi. Uliza hivyo kwa kuthibitisha tu yaliyokwisha kusemwa, usije ukamwelekeza.

Mengi ya haya unaweza kuyafanya mwenyewe. Lakini tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana endapo kiwango cha makosa yanayogeuza maana kitatofautiana sana baina ya makundi yako, kwa maana hapo panahitajika mtakwimu kabla ya uchambuzi wowote. Endapo utataka kufundisha mfumo kwa rekodi zako. Au endapo mahojiano yamegusa mambo ya afya, ya watoto au ya migogoro ya ardhi, ambayo kamati ya maadili ya utafiti inapaswa kuyaona kwanza. Katika Chuo Kikuu cha Dodoma kuna wanaofundisha kompyuta na kuna wanaisimu wanaozijua lugha za ukanda huu, na ningependa uwaone wa pande zote mbili. Uendapo, beba vipande vitatu vya sauti pamoja na unukuzi wako na wa mashine kwa kila kimoja, orodha yako ya makosa yanayogeuza maana, na nakala tupu ya fomu ya ridhaa. Katika vipande hivyo, kimoja kiwe kile cha maji.